Mzigo Ukiwakosakosa Mjengoni: La Kufanya Kabla ya Winchi Kuwashwa Tena

Ilikuwa saa tisa na kitu alasiri, kwenye jengo la ghorofa tano upande wa Mamboleo, Kisumu. Winchi ndogo iliyokaa kwenye slabu ya nne ilikuwa inapandisha nusu pipa lililojaa mota ya plasta, yaani simiti na mchanga uliokorogwa. Pipa lilipofika usawa wa ghorofa ya tatu, mdomo wake ulikwama chini ya ukingo wa balkoni, na waya ukaendelea kuvuta. Winchi ikainua mkia, yaani upande wake wa nyuma, ikaserereka kama sentimita 40 kuelekea nje, ikanaswa na vyuma vya kolamu (nguzo ya zege) vilivyokuwa vimetokeza. Pipa likapinduka na mota yote ikamwagika chini, juu ya kigoda cha mama anayewauzia vijana nyoyo (mahindi na maharagwe) na uji. Kigoda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji.

Msimamizi alifanya mambo matatu ndani ya dakika tano: alimshukuru Mungu kwa sauti, akamfukuza opareta, akaagiza mota izolewe kabla haijashika. Kumshukuru Mungu ni haki yake. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyonisukuma kuandika mwongozo huu.

Nilikuwa pale kukagua majukwaa, na nilipanda juu kabla mtu hajagusa kitu. Mkia wa winchi ulikuwa umezuiwa kwa mifuko ya simiti. Asubuhi iliwekwa sita. Kila fundi aliyeishiwa simiti alichukua mmoja uliokuwa karibu, na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa simiti imeletwa itumike. Alasiri hiyo ilikuwa imebaki miwili. Opareta hakutoa hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kutazama mzigo, na mifuko ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Kama tungezoa mota na kumfukuza yeye, kesho yake opareta mwingine angesimama pale pale, na mifuko ingeendelea kuondoka mmoja mmoja.

Kukoswakoswa ni hivyo. Chanzo ni kile kile cha ajali iuayo, ila mtu hakuwa amesimama pale. Hatua zinazofuata ni za wasimamizi, mafundi na waendesha winchi wa mijengo yetu ya kawaida, iwe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma, ambako mizigo mingi hupandishwa kwa winchi, puli na kamba, na kreni ya lori huja siku moja moja.

Hatua ya kwanza: simamisha, kisha ondoa watu chini

Yeyote anaweza kusimamisha. Hili likubaliwe siku ya kwanza ya kazi: mikono miwili ikinyooshwa pembeni, viganja vikiangalia chini, winchi inasimama, hata kama aliyenyoosha ni kibarua aliyeandikwa asubuhi hiyo hiyo. Kwenye mjengo mmoja utasikia Kiluo, Kiluhya, Kikuyu na Kiswahili kwa pamoja, na kelele ya mashine ya kuchanganyia konkriti juu yake. Ishara ya mikono ndiyo inayofika.

Kama mzigo bado unaning'inia, usikimbilie kuushusha. Mkono wa haraka umewahi kufungua breki ya winchi ambayo tayari ilikuwa imeachia nusu. Ondoa kwanza watu wote walio chini na pembeni, weka mtu kila upande wa kuingilia, halafu mtu anayeijua mashine ile aangalie breki, waya na mahali winchi ilipoegemea. Akiona inashika, ishushwe polepole. Akiwa na shaka yoyote, winchi ifungwe kwanza kwa kamba au mnyororo kwenye kolamu iliyokomaa ndipo mzigo uguswe. Mzigo ukishatua, zima umeme kwenye swichi kuu, au chomoa ufunguo kama ni ya dizeli, na ufunguo ukae mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana.

Kreni ikigusa waya wa umeme, mambo hubadilika kabisa. Dereva abaki ndani ya kibanda, asiguse vyuma, na kila mtu akae mbali, mita 10 au zaidi, mpaka Kenya Power wathibitishe kwamba laini imekatwa. Nambari yao ya dharura ni 97771, iandikwe ukutani kwenye ofisi ya mjengo. Dereva hushuka tu kama kreni inawaka moto, na hapo huruka nje miguu yote miwili ikiwa pamoja, bila kugusa kreni na ardhi kwa wakati mmoja, kisha huondoka kwa vihatua vidogo bila kuinua nyayo.

Hatua ya pili: hesabu watu, na usisahau wasiolipwa na mjengo

Ita majina kwa daftari la mahudhurio. Kisha uliza juu ya wale wasiomo daftarini: mama wa chakula, dereva wa tipa, kijana aliyeleta kokoto kwa mkokoteni, mwenye nyumba aliyekuja kutazama chumba chake. Mahali mzigo unapoweza kuangukia ni papana kuliko miguu ya winchi, kwa sababu kinachodondoka hugonga jukwaa na kuruka kando.

Tazama uso wa opareta na wa yule aliyekuwa karibu zaidi. Mtu aliyeponea chupuchupu hutetemeka, hucheka ovyo, au hunyamaza. Mkalishe kivulini, umpe maji, asipande juu tena siku hiyo. Na ukikuta mmoja ameruka akatenguka kifundo cha mguu, hilo si la kukoswakoswa tena. Ni ajali ya majeruhi, na huandikwa hivyo.

Hatua ya tatu: usiokote kitu

Hapa ndipo mijengo mingi huharibu kila kitu. Mafundi ni watu wa usafi na wa haraka, na mota ikishika inakuwa hasara, kwa hivyo koleo huja kabla ya simu. Zuia koleo hiyo. Hasara ya nusu pipa la mota ni ndogo.

Piga picha kutoka mbali ukionyesha jengo lote, kisha za katikati, kisha za karibu. Za karibu ndizo zenye jibu: ndoano na kile kiulimi chake cha kuzuia kamba isichomoke, fundo au pete iliyoshika mzigo, ngoma ya waya, uone kama waya umejipanga au umepandana, mguu wa winchi na alama ya kuserereka kwenye slabu, vitu vilivyozuia mkia, uvihesabu. Weka futi, yaani utepe wa kupimia, kando ya kila alama ili urefu uonekane pichani. Chora kwa chaki mahali mzigo ulipotua na mahali kila mtu aliposema alikuwa. Pima kwa futi umbali kati ya alama hizo mbili. Mamboleo ilikuwa mita moja kasoro kutoka alama ya mota hadi alama ya ndoo ya uji, na nambari ile iliwanyamazisha watu kuliko hotuba yoyote ambayo ningetoa.

Kipande kilichokatika, iwe pini, kipande cha waya au mkanda, kiingie kwenye gunia safi lenye karatasi ya tarehe na saa, kikae ofisini. Kisirudi stoo, maana kitu kilichorudi stoo hurudi kazini.

Hatua ya nne: andika kabla ya watu kuongea wao kwa wao

Kila mmoja aseme peke yake, kwa lugha anayoiweza, nawe uandike maneno yake. Usianze kwa "nani alifanya hivi?" Swali hilo hufunga midomo, hasa ya vibarua wanaolipwa kwa siku. Anza kwa "ulikuwa wapi, na uliona nini kwanza?" Halafu uliza mzigo ulikuwa wa nini, ulifungwaje, nani alitoa ishara, upepo ulikuwaje, na kuna nini leo ambacho jana hakikuwepo.

Swali la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote: ni kitu gani kilichomwokoa mtu? Kama jibu ni uzio, kamba ya tahadhari, au mtu aliyezuia njia, basi kinga ilifanya kazi na inafaa kuimarishwa. Kama jibu ni kwamba mama alikuwa amekwenda kuteka maji, basi hakukuwa na kinga yoyote, na uchunguzi ufanywe kwa uzito ule ule ambao ungefanywa kama angekuwa amekaa pale.

Hatua ya tano: tafuta sababu, na usiridhike na ya kwanza

Mamboleo tulipata sababu tatu kwa tukio moja. Mkia wa winchi ulipungukiwa na uzito. Pipa halikuwa na kamba ya kuliongoza kutoka chini, kwa hivyo liliyumba na kuingia chini ya balkoni. Na opareta, kwa pale alipowekwa, hakuweza kuona ukingo wa ghorofa ya tatu wala hakuwa na mtu wa kumpa ishara. Ukiondoa moja tu kati ya hizo tatu, huenda pipa lingepita salama. Ndiyo sababu ukipata moja usikunje daftari.

Hesabu ya mkia ni rahisi na kila msimamizi aijue. Nusu pipa huchukua lita 100 hivi, na lita moja ya mota ina uzito wa karibu kilo 2, kwa hivyo tulikuwa tunapandisha kilo 200. Puli ilikuwa imetokeza mita 1 nje ya mguu wa mbele, na mifuko ilikaa mita 1.5 nyuma ya mguu huo. Zidisha 200 kwa 1, gawa kwa 1.5, unapata kilo 133, na hizo ni za kusawazisha tu, mzigo ukiwa umetulia. Mifuko miwili ni kilo 100. Mzigo ukistuka au ukikwama, nguvu ya waya huongezeka sana, na kwa hivyo mimi hutaka angalau mara tatu ya hesabu hiyo, yaani kilo 400, ambazo ni mifuko minane. Hata ile sita ya asubuhi haikutosha. Vipimo vya winchi yako vikiwa tofauti, rudia hesabu, na kitabu cha mtengenezaji au injinia wako akitaka zaidi, fuata chao.

Kisha angalia uzito wa vitu vingine mnavyopandisha, maana makisio ya macho hudanganya. Mfuko wa simiti ni kilo 50, huo kila mtu anaujua. Ndoo ya lita 20 ikijaa konkriti inakaribia kilo 48. Chuma cha milimita 16 chenye urefu wa mita 12 kina kilo 19, na mzigo wa vyuma 20 ni kama kilo 380, ilhali kwa macho unaonekana kama kuni za mtu mmoja. Mawe ya kuchonga yaliyonyeshewa usiku ni mazito kuliko yale yale uliyoyapandisha yakiwa makavu, na Nakuru, wakati wa mvua za Machi hadi Mei, hilo ni jambo la kila asubuhi.

Pembe ya kamba nayo huua kimyakimya. Chukua mzigo wa kilo 1,000 ulioshikwa na kamba mbili kwenye ndoano moja. Kamba zikining'inia wima, kila moja hubeba 500. Zikifunguka hadi nyuzi 60 kati yao, kila moja hubeba karibu 580. Nyuzi 90, kama 710. Nyuzi 120, kila kamba inabeba kilo 1,000 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Mafundi hupenda kamba fupi kwa sababu mzigo hupanda juu zaidi kabla ya kugonga puli. Ufupi huo ndio unaozipanua. Ukikuta picha ya mzigo ulioponyoka na kamba zimepanuka hadi karibu zimelala, sababu umeipata.

Waya wenyewe ukunjue mkononi ukiwa umevaa glavu: nyuzi zilizokatika, sehemu iliyopondeka, iliyofumuka kama kikapu, au yenye kutu iliyoingia ndani, zote ni za kutupa. Klipu za kufungia ncha ya waya mara nyingi huwekwa kinyume. Kitako cha klipu kikae upande wa waya mrefu unaobeba mzigo, na chuma chenye umbo la U kikae juu ya ncha fupi, klipu zisipungue tatu, zote zikiangalia upande mmoja. Kamba ya katani au nailoni yenye fundo hupoteza karibu nusu ya nguvu yake pale penye fundo. Mikanda ya kuinulia iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hutambulika kwa rangi, zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, lakini kinachoaminika ni lebo iliyoshonwa. Mkanda usio na lebo hauinui kitu.

Na upepo. Kisumu asubuhi ziwa hutulia. Baada ya chakula cha mchana upepo wa ziwa huingia, na jioni nyingi hufuatwa na radi. Mabati na mbao za plaiwudi hupandishwa asubuhi. Bati moja likishika upepo kwenye ghorofa ya tano linageuka tanga, na mtu anayelishika kwa kamba hufuata linakokwenda.

Hatua ya sita: rekebisha kwa kitu ambacho hakitaondoka

"Muwe waangalifu" si marekebisho. Mamboleo tulimwaga vipande vya konkriti vyenye pete ya chuma juu, tukavifunga kwa mnyororo kwenye mkia wa winchi, kwa kuwa hakuna fundi atakayechukua kipande cha konkriti akachanganyie plasta. Hilo ndilo ninalotafuta: rekebisho linalosimama hata watu wakiwa wamechoka au wanakimbizana na mvua. Kamba ya kuongoza mzigo ilifungwa kwenye pipa na haitolewi. Kijana mmoja akapewa kazi ya ishara peke yake, akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa, naye asimame mahali anapowaona opareta na mzigo kwa wakati mmoja.

Kuhusu mama wa chakula, msimfukuze. Watu wanakula kwake, na ukimfukuza atarudi kwa mlango wa nyuma usioujua. Tulikwenda naye tukapima pamoja. "Mama, hapa ndipo mota ilipoangukia. Tunakuomba uhamie kule kwenye mwembe." Alihama siku hiyo hiyo, na vijana walimjengea kibanda kwa mabati mabovu. Eneo la chini ya winchi likazungushiwa mbao, si utepe, maana utepe hukatika kwa siku mbili.

Vifaa vilivyokataliwa vikatwe vipande viwili mbele ya watu.

Kabla ya kuanza tena, inua mzigo mdogo sentimita 30 kutoka chini, usubiri dakika kadhaa, uangalie breki, mkia na waya. Kisha mzigo wa kawaida, vivyo hivyo. Aliyeidhinisha atie sahihi daftarini. Jina la mtu mmoja, si "usimamizi".

Hatua ya saba: arifu wanaostahili

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haingoji mtu aumie. Kreni ikipinduka, au sehemu ya mtambo wa kuinulia ikivunjika, hilo ni tukio la hatari, na mwajiri humwarifu afisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini wa eneo lake. Mtu akifariki, taarifa hiyo ifike ndani ya saa 24. Sheria hiyo hiyo inataka minyororo, kamba na vifaa vya kufungia mizigo vikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kila miezi sita, kwa hivyo siku ya tukio tafuta cheti cha mwisho. Kukosekana kwake ni sababu nyingine ya kuandika daftarini. Mjengo wenye watu 20 au zaidi unapaswa kuwa na kamati ya usalama, nayo ipewe taarifa yote, picha na gunia.

Mfanyakazi akiona hatari kubwa anatakiwa amwambie msimamizi wake mara moja, na mwajiri hatakiwi kumrudisha pale wakati hatari ingalipo. Wala hafai kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika. Nayasema haya kwa sauti kila mahali niendapo, kwa sababu kibarua wa mjengo hajui kwamba yameandikwa. Anajua tu kwamba aliyesema jana hakuitwa leo.

Hatua ya nane: ongea na watu asubuhi inayofuata

Dakika kumi, kabla ya zana kugawiwa. Eleza kilichotokea bila kutaja jina la kulaumiwa, onyesha picha kwenye simu, peleka kifaa kilichoharibika kipite mkono kwa mkono ili kila mmoja aguse pale kilipokatikia. Mshukuru aliyeripoti mbele ya wote. Na muda uliopotea jana winchi ikiwa imesimama, ulipwe. Ukikata nusu siku kwa sababu ya uchunguzi, hutaletewa habari ya tukio jingine, utaletewa maiti.

Opareta wa Mamboleo alirudishwa siku ya pili. Msimamizi, tunayemwita mzee kwa heshima na si kwa umri tu, alimpigia simu mwenyewe mbele yangu na kumwambia, "Rudi kijana wangu, tumeona haikuwa wewe." Opareta alitaka jambo moja kabla ya kukubali: aoneshwe mkia wa winchi kwanza.

Hatua ya tisa: rudi bila kutangaza

Baada ya wiki mbili nenda saa ile ile ya tukio, usitangaze. Nilirudi alasiri, saa tisa. Vipande vya konkriti vilikuwa pale, vinne, vimefungwa. Lakini mnyororo wa mmoja ulikuwa umelegea kiasi cha kuingiza kiganja, na kamba ya kuongoza ilikuwa imefupishwa kwa sababu mtu alihitaji kipande cha kufungia jukwaa. Tulikaza mnyororo, tukanunua mita 30 za kamba nyingine, nikaandika daftarini tarehe ya kurudi tena.